Picha za Upande wa Wanawake

Fundi wa kompyuta wa Msambweni hana kipanya. Kila jambo huliamuru kwa maandishi kwenye kompyuta yake ya Linux, kwa vidole viwili, midomo ikicheza kama anayevuta uradi. Esha alikuwa amekaa kumchunga, maana, kama alivyomweleza, laptopu yake iliyoharibika ilikuwa na picha za harusi ya mdogo wake, upande wa wanawake, mitandio imevuliwa. Fundi akaunganisha mashine mbili kwa waya, akaandika mstari mmoja, kioo chake kikawa giza.

"Imekufa?" Esha akashtuka.

"La, dada. Nimezima kioo tu. Picha zinahama."

"Mbona umekizima?"

"Zikihama, programu hii huzionyesha moja moja kiooni," akasema kwa upole, macho yake kwenye kitaa cha mashine kilichokuwa kikimwekamweka. "Nami si maharimu ya wanawake hao."

Esha, aliyeapa kutobanduka hapo, akainuka kwenda kununua viazi karai.