Kitenge Changu Mbele ya Penalti

Mume wangu Rachidi ni fundi wa kujenga, na kwa miaka kumi na saba amedaka matofali. Hapa Rumonge, kando ya ziwa, mafundi wetu hawana mashine ya kuyapandisha ukutani. Mutu wa chini anarusha, wa juu anadaka, na ukichelewa tofali linaondoka na meno yako. Meno ya Rachidi yote iko mdomoni. Aliniambia zamani kwamba tofali lenyewe halitazamwi. Anatazama bega na nyonga ya anayerusha, na mikono inafika yenyewe.

Jumapili huwa golikipa. Miye mpira siujui sana, ila najua balaa lililoanza siku alipowatoa vijana wa timu ya Gatete kwa kudaka penalti nne kati ya tano. Kabla mpigaji hajaugusa mpira, Rachidi alikuwa ameshaanza kwenda. Kapteni wao Jafari, mwenye ulimi mrefu kuliko miguu yake, akaenda kwenye komite ya mashindano akasema, "Yule mutu iko na dawa. Anaona mbele."

Ningecheka, lakini neno la uchawi kwetu halichekwi. Kufika Jumatano, mwenye nyumba aliyokuwa akiijenga alimwambia Rachidi apumzike kidogo. Miye nauza mawese sokoni, na wateja wangu wa kila siku wakaanza kupita wakitazama upande wa pili, kama kwamba bidoni zangu za mafuta zina nyoka. Niliogopa, nasema kweli. Mpira aache, hewala, lakini jina lile lingewafuata watoto wangu mpaka shuleni.

Mkuu wa komite ni Madamu Domitille, mwalimu wa mazoezi. Alituita wote uwanjani.

"Kama ni dawa," akasema, "nguo haiwezi kuizuia. Kama ni macho yake, tutajua sasa hivi. Mama Shadia, nipe kitenge chako."

Nikafungua kitenge changu cha juu nikampa. Wanawake wawili wakakishika mbele ya mpira, kikamficha mpigaji kuanzia kichwani mpaka karibu na mchanga, mpira upite chini yake. Mpigaji wa penalti tano ni Jafari mwenyewe, ziwa mgongoni kwake na jua la alasiri nyuma. Rachidi akidaka, basi kweli ana dawa. Akifungwa zote tano, ni mutu kama sisi.

Jamani, mke gani anamwombea mumewe afungwe? Miye niliomba. Ya kwanza ikaingia, Rachidi amesimama tu kama nguzo. Ya pili akaiangukia upande usiokuwa wake, akala mchanga. Ya tatu ilimgonga goti, kisha ikajiviringisha ikavuka mstari. Ya nne akaruka kushoto kwa nguvu zake zote, mpira ukaenda kulia. Ya tano ikampita hata hajajua imepigwa.

Tano bila. Nilikaa chini palepale nikalia, na hayo machozi yalikuwa matamu. Madamu Domitille akaondoa kitenge, akamwambia Jafari apige moja ya wazi. Rachidi akaidaka bila shida, akamwonyesha kwa kidole nyonga iliyomwambia.

Jafari akajitazama kiuno, akacheka. "Kumbe ni nyonga yangu inanisaliti." Akaenda kumpa Rachidi mkono. Na yule mwenye nyumba, ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, naye akasogea na kusema ukuta wake unamngoja kesho asubuhi.

Tulirudi nyumbani polepole. Nilikuwa mwepesi, nasalimia hata waliokuwa wamenikwepa. Rachidi tu ndiye alitembea akitazama chini.

"Baba Shadia, nini tena? Yamekwisha."

"Ile ya nne," akasema. "Kitenge hakikufika chini kabisa. Kivuli cha mguu wake kilinijia mchangani. Nilijua inaenda kulia."

"Sasa?"

"Sasa nikaenda kushoto."

Huyu ndiye mwanamume asiyekubali kushindwa karata hata na binti yake wa miaka sita. Nilimshika mkono katikati ya njia, watu wakituona, jambo tusilolifanya sisi, na sikumwachia mpaka mlangoni.