Suti ya Marehemu Wawili

Huku kwetu Busia marehemu hazikwi bila bango lenye picha yake, na kwenye bango hawezi kuonekana na shati lililochanika. Hiyo ndiyo kazi yangu. Familia inaniletea picha ya simu, nami nakata kichwa, natafuta mwili mtandaoni, namvalisha. Ukiandika "mwanamume Mwafrika suti" unaletewa vijana wa ofisini wenye vifua vya mazoezi, wanazichekea kompyuta zao. Mpachike hapo mzee wa Malaba aliyeuza ng'ombe maisha yake yote, hata wajukuu watamkana. Kwa hiyo nilipompata mmoja mnene kiasi, suti ya buluu, mikono ameifumbata tumboni kama anayesubiri kuitwa mbele kanisani, nilifuta maandishi ya mwenye picha nikamweka akiba. Sikumwomba mtu ruhusa, na wala sikukosa usingizi.

Mwili huo nilimpa mvuvi wa Sio Port. Mjane wake alileta simu ya marehemu. Ndani mlikuwa na picha moja tu ya kueleweka: amesimama kando ya omena, wale dagaa wa ziwani, zilizoanikwa, jezi imetoboka begani. Alipoona bango alilia, akanishukuru. Juma lililofuata familia moja ya Butula ilikuwa na haraka, nami nikampa mzee wao mwili ule ule. Nani angejua? Ulikuwa uvivu tu, sina jina lingine la kuupa.

Mjane wa mvuvi alikwenda kwenye mazishi ya mzee huyo. Mzee alikuwa mjomba wake. Kutoka huko akaja dukani kwangu moja kwa moja.

"Boss, mjomba yangu amevaa mwili ya bwana yangu. Watu wamecheka. Sasa wananiuliza nililia nani."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwomba msamaha, nikaahidi bango jipya bila malipo.

"Bango sitaki. Nataka ile picha yake ya jezi. Simu tuliuza, tukanunua mbao ya sanduku. Nilijua picha iko kwako."

Haikuwako. Kila nikimaliza kazi huhifadhi bango juu ya picha yenyewe ili kompyuta isijae. Mabega yake, jezi, omena, vyote nilivifuta kwa mkono wangu, na sikuwa hata na kumbukumbu ya kuvifuta. Nilimwambia hivyo bila kumtazama usoni. Nilitarajia matusi, na ningeyapokea kwa shukrani.

Alivuta kiti, akaketi karibu nami.

"Hiyo suti ulitoa wapi?"

"Mtandaoni, mama."

"Na huko kuna watu ya Sio Port?"

"Wapo," nilijibu. Ni kweli wapo, wageni hupenda kupiga picha mitumbwi yetu.

"Basi tafuta. Hata yeye atakuwa huko."

Sikuwa na moyo wa kumkatalia. Niliandika "wavuvi Sio Port", picha zikaanza kupita, naye akawa anasogeza uso karibu na kioo kwa kila mwanamume aliyetokea.

"Si yeye," alisema. "Endelea."