Pahlava ya Mwaka wa Msiba

Mama yangu, Zarnigar, husukuma unga hadi maua ya kitambaa cha meza yanaonekana chini yake. Hajasomea popote. Alifundishwa na mama mkwe wake, bibi yangu, ambaye alimchapa vidole kwa kijiti chembamba cha kusukumia unga kila tabaka lilipotoboka. Tangu bibi afariki, hakuna sikukuu ya Novruz, mwaka wetu mpya wa majira ya kuchipua, iliyoingia katika mtaa wetu wa juu hapa mjini Shamakhi bila wanawake kukusanyika jikoni kwetu kutengeneza pahlava, kitafunio chetu kitamu cha matabaka. Huyu huleta kokwa za jozi zilizomenywa, yule samli, Gulzada wa nyumba ya pili huleta asali ya mizinga ya mumewe. Mama huleta mikono. Baba alikuwa akisema yeye alioa mikono, mwanamke akaja kama nyongeza.

Baba, Mirzali, alikuwa fundi wa kuezeka mapaa. Alitutoka mwezi wa Novemba kwa ugonjwa wa kifua, Mungu amrehemu. Mama alimuuguza bila kunung'unika, na baada ya mazishi aliendelea hivyo hivyo, bila kunung'unika, bila kulia mbele ya watu, na bila kucheka. Alikaa kama mtu aliyeambiwa asubiri mahali fulani.

Kwetu, nyumba yenye msiba haioki wala kula kitu kitamu sikukuu ya kwanza. Haioteshi ngano kwenye sahani, haipaki mayai rangi. Watu huja, hunywa chai, humsomea marehemu na kuondoka. Hukaa hivyo mpaka mkubwa wa damu ya marehemu aje awatoe katika huzuni kwa mkono wake mwenyewe. Mkubwa wa damu ya baba ni dada yake, Shangazi Hokuma, ambaye hana haraka ya kumtoa mtu yeyote katika jambo lolote.

Novruz ilipokaribia, Gulzada alikuja kuomba ruhusa kwa niaba ya mtaa. Hakukaa. Alisimama mlangoni akikunjakunja ncha ya mtandio.

"Dada Zarnigar, tumeshauriana. Ukisema tusioke, hatuoki. Watoto watakula mkate, hawatakufa."

"Okeni," mama akasema. "Mirzali hakuwahi kumnyima mtu kitu kitamu. Chukueni na sinia langu, lenu limepinda."

"Na wewe?"

"Mimi nina msiba, Gulzada."

Alhamisi ya mwisho kabla ya sikukuu ndiyo siku ya makaburi. Wazee wetu wanasema siku hiyo marehemu huwangoja watu wao, na asiyefikiwa hurudi na uchungu. Sijui kama ni kweli. Mwalimu aliyenifundisha Kurani alisema wafu hawahitaji uchungu wetu, wanahitaji dua zetu. Lakini hata yeye siku hiyo nilimwona makaburini.

Tulikubaliana kukutana kwenye lango la makaburi baada ya sala ya adhuhuri: mimi nikitokea kwenye duka la ushonaji ninakofanya kazi, shangazi kwake, na mama nyumbani akiwa na birika la maji ya waridi na maua. Tukafika mimi na shangazi. Mama hakuwepo. Familia ziliingia na maua, zikatoka mikono mitupu, zikatusalimu. Shangazi akawajibu kwa kichwa.

"Mama yako amepotea njia?" akaniuliza.

"Labda anaumwa, shangazi."

"Tuombe awe anaumwa," akasema, na papo hapo akajishika mdomo. "Astaghafiru. Twende."

Mtaani kwetu, kabla hatujafika kwenye lango letu, nilisikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu majira ya joto. Ilitoka nyumbani kwa Gulzada. Mama alikuwa anacheka.

Niliyajua baadaye yaliyotokea. Alitoka na birika lake mapema, na alipopita, Gulzada akamwita aangalie unga kidogo tu, kwa sababu matabaka yalikuwa yakichanika. Akaweka birika na maua kizingitini, akaingia kuangalia. Kisha akakunja mikono ya gauni lake jeusi.

Tulipofika mlangoni alikuwa ameinua tabaka moja juu ya kile kijiti, akimwonyesha Matanat, bibi harusi mpya wa mtaa.

"Hii ni pahlava, mwanangu, au goti la suruali ya mumeo?"

"Suruali ya mume wangu ina matundu machache zaidi, mama."

"Basi tuoke suruali!" Gulzada akadakia, na jiko zima likaangua kicheko. Mama alicheka kuliko wote, kichwa nyuma, macho yamefumba, wanga mweupe wa kunyunyizia unga umemjaa mpaka kwenye viwiko.

Alipofumbua macho, alimwona wifi yake.

"Endelea, wifi," Shangazi Hokuma akasema. "Usikatizwe na sisi. Kaka yangu amelala tu kule, hana haraka."

Matanat alianza kusema, "Mama mkubwa, sisi ndio tulio..." lakini Gulzada akamvuta mkono.

Mama alitazama dirishani, akaona jua lilipofika. Akalaza lile tabaka taratibu juu ya sinia, kama mtoto aliyelala. Akapita katikati yetu, akachukua birika kizingitini, na maua yaliyokwisha kunyauka, akaenda. Hakunawa mikono. Tulimfuata nyuma mpaka makaburini.

Pale kaburini alimwaga maji, akaketi chini. Nikaanza kusoma Yasini. Yeye akazungumza na baba kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na mwenzake kupitia ukuta wa chumba.

"Mirzali, sikusahau njia. Nilikusahau wewe. Sikuwa na huzuni hata chembe. Nilikuwa na unga tu mkononi na watu wanacheka, na nikasikia raha. Nilipomwona dada yako ndipo ukafa tena. Nisamehe. Sijui nilifanyaje jambo kama hilo."

Wanga kwenye mikono yake ulikuwa umekauka na kupasuka. Naamini Mungu hamhesabii mjane kicheko. Naliamini hilo kabisa, na bado ulimi wangu ukisoma, moyo ulikuwa unamuuliza mama: uliwezaje? Nikapoteza aya, nikaanza upya. Shangazi alisimama ametupa mgongo, anatazama milima.

Tuliporudi, Gulzada alikuwa akitusubiri langoni kwetu.

"Dada, hatujui la kufanya. Matabaka ya chini yako tayari, jozi na iliki zimewekwa, ya juu yanakauka. Matanat amejaribu, amelia."

"Siingii tena humo," mama akasema.

"Mama," nikamwambia, "samli ile ni ya watu, asali ni ya watu. Ni amana. Wamekukabidhi."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa na mtoto wake. Kisha akaenda. Alisukuma matabaka yaliyobaki, akamwachia Matanat akate vipande vya pembe nne vilivyochongoka, yeye akaweka nusu ya kokwa la jozi katikati ya kila kimoja, akapaka kiini cha yai chenye zafarani. Asali ilipopata moto, Gulzada alimpa kijiko aonje. Mama akatikisa kichwa, akainua asali kwa kijiko na kuitazama inavyoshuka. "Tayari," akasema. Wanawake walitembea kwa ncha za vidole kana kwamba wao ndio wenye msiba.

Siku ya Novruz watu walikuja kwetu, wakanywa chai kavu, wakasoma Fatiha. Shangazi alikaa mahali pa mkubwa. Mlango ulipofunguka tena, alikuwa Gulzada na sahani iliyofunikwa kitambaa, amesimama nje, hajui aingie au akimbie.

"Leta," shangazi akasema.

Shangazi akafunua. Akachukua kipande kimoja, akamnyooshea mama mbele ya watu wote.

"Kula, wifi. Mimi ndiye dada yake. Nakutoa."

Mama alikipokea. Asali ikamteleza kati ya vidole. "Siwezi," akasema. "Nilishakula fungu langu la raha, tena siku yake. Mwakani, wifi."

Nilidhani shangazi atakasirika. Kidevu kilimtetemeka, na mimi sikuwahi kuona kidevu kile kikitetemeka, hata siku ya mazishi.

"Ile Alhamisi," akasema, "nilipokusikia unacheka, nilikuonea wivu kwanza. Hasira ilikuja baadaye."

Akachukua kipande kingine, akakiweka kinywani mwake, akatafuna polepole, machozi yakimshuka.

"Basi nimeanza mimi, niliyezaliwa naye tumbo moja. Kama ni dhambi, iandikwe kwangu."

Mama alimtazama mpaka akameza. Ndipo naye akala. Hakutabasamu, na sitasema kwamba alipona siku ile, maana hata leo akisikia jirani akicheka hugeuza uso. Lakini alikula kipande chote, akalamba asali kidoleni, na shangazi akamsogelea wakakaa bega kwa bega.

"Matanat alikata vikubwa mno," mama akasema kwa sauti ya chini.

"Nimeona," shangazi akajibu. "Sikutaka kuongea."