Mashua Katikati ya Visiki

Kabla ya kushika kasia, mke wa mvuvi alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Polepole, maana nguo ukimpelekea utaipata, tena nzuri, ila si leo. Mumewe alipoteleza akiivuta mashua nchi kavu, mgongo ukagoma kabisa, na kazi ikabaki kwa Polepole na shemeji yake, mdogo wa mume.

"Shemeji, majini hakuna pedali," kijana yule alimtania siku ya kwanza.

"Kama hakuna, wewe utasukuma," akamjibu, akaingia mashuani.

Walivua bwawani. Maji ya bwawa yalikuwa yamefunika msitu, na miti ikafia pale pale, mingine imesimama, mingine imebaki visiki. Samaki walijificha humo humo, kwa hiyo mwenye mshipi lazima aifunge mashua katikati ya visiki, atulie. Hapo ndipo mashemeji walipokosana. Shemeji alipigilia msumari kwenye mti, akafunga kamba fupi, fundo juu ya fundo. Wimbi likija, mashua ilijigonga, du! du!, na Polepole akakunja uso. Mashua ile ilikuwa kazi ya mikono ya marehemu baba mkwe.

Alimwuliza mumewe, ambaye bado alikuwa kitandani chali.

"Mbuzi ukimfunga kamba fupi atajinyonga," mume alisema. "Funga mbele kisiki kimoja, nyuma kingine, isizunguke. Kamba ilegee kidogo. Na fundo liwe la kuvuta mara moja tu likaachia."

Polepole akakata vipande vya tairi kuukuu, akavishonea magunia, akavining'iniza ubavuni mwa mashua. Miti mibichi ya ufukweni nayo akaizungushia gunia kabla ya kamba, isichunwe gome ikafa.

"Mti unavalishwa soksi!" shemeji alicheka hadi machozi. "Kesho utaupimia suruali!"

Asubuhi moja upepo ulikuja ghafla. Polepole alikuwa amefunga nyuma. Mbele, shemeji alikuwa amepigilia msumari wake kwenye mti mrefu mkavu. Mti ukalia kwaa, ukayumba.

"Umeoza! Fungua!" Polepole alipiga kelele.

Fundo lilikuwa limelowa na kukaza. Shemeji alilivuta kwa kucha, kisha kwa meno. Polepole akavuta kamba yake, ikaachia mara moja. Akaruka mbele na kisu cha samaki, akaikata ya shemeji. Upepo ukaisogeza mashua kando. Mti ukaanguka pale walipokuwa wamekaa, na tawi moja likapasua ubao wa mbele.

Maji yakaanza kuingia. Polepole akaziba ufa kwa gunia na kulikandamiza kwa magoti. Shemeji akapiga kasia huku na kuchota maji huku, hadi wakafika ufukweni. Akaketi chini, mikono kichwani.

"Mashua ya baba, shemeji. Nimeiua mashua ya baba."

Maneno yalimjia Polepole mdomoni, tena makali. Akayameza. Akakaa karibu naye.

"Ubao hubadilishwa," alisema. "Wewe ungeangukiwa na ule mti, kaka yako ningemwambia nini?"

Nyumbani shemeji alisimulia mwenyewe, hakuficha neno. Kaka mtu akaangalia dari.

"Ule ubao wa nyuma wenye rangi nyingine," akasema, "ulidhani ni pambo? Baba naye alipenda misumari. Mti ukaiangukia mashua, akarudi anaogelea."

Shemeji akacheka na kulia kwa pamoja, na Polepole, aliyekuwa ameshika sufuria, ilibidi aiweke chini kwa kicheko.

Seremala akabandika ubao mpya. Tangu hapo shemeji hakurusha kamba kabla ya kukisukuma kisiki kwa kasia; kikitikisika, walikipita. Magunia yakichakaa, yeye ndiye aliyeleta mengine.

Mgongo wa mume ulipopata nafuu, alifika ufukweni na fimbo. Polepole akaanza kushuka mashuani ampishe.

"Unakwenda wapi, mke wangu?"

"Mahali pako hapa."

"Nani kakwambia? Nisogezee hapo katikati."

Wakamshika mkono huku na huku, akaingia akiguna, kisha wakasukuma. Bwawa lilikuwa shwari. Walipofika kwenye visiki, mume aliinua mkono kuonyesha cha kufungia, akasita, akaurudisha pajani. Polepole alikuwa tayari amechagua.