Friwili ya Kondo

Mimi Sadala, fundi baiskeli wa Kibiti, sikuwa na haja ya kuinua macho kazini. Mchana wa jua kali nilikaa chini ya turubai langu, usingizi ukinichukua na kunirudisha, na kila baiskeli iliyopita niliijua kwa sauti. Ile inayokwaruza ni ya mwalimu, haijaonja mafuta tangu Ramadhani. Ile inayogonga ni ya muuza samaki. Na ile iliyolia krr, krr, tap, krr, krr, tap, kama mtu anayevuta tasbihi yenye punje moja iliyopasuka, ilikuwa ya Kondo.

Hiyo "tap" ilinikera miaka. Ilitoka ndani ya friwili, kile chuma cha gurudumu la nyuma kinachokuacha uteremke mlima miguu imetulia. Ndani mna vimeno viwili vya kushika, na kimoja cha Kondo kilikuwa kimelika. Nilimwambia mara ngapi? Alicheka tu. Kwangu mimi baiskeli inayopiga kelele ni baiskeli inayomtangaza fundi wake vibaya.

Kondo aliuza chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Kila Alhamisi alishuka bonde la Rufiji, dungu kwa dungu, maana mpunga ukianza kutoa masuke watu huhamia huko, wakakaa kwenye madungu, vibanda vilivyo juu ya nguzo, kuwafukuza ndege. Dungu la mwisho lilikuwa la mkewe, Mwanawetu, kwenye shamba aliloachiwa na mama yake. Kombeo lake la kurushia madonge ya udongo lilisifiwa bonde zima.

"Mke wangu ana macho, Fundi," Kondo alikuwa akijisifu. "Mimi bado nipo konani, majani yamenifunika, yeye ananiita: Baba Rukaya, shuka polepole, pana tope!"

Alisema hivyo kila wiki, nami nikaliona lile bonde nikiwa nimesinzia: ukungu unanyanyuka juu ya mpunga, mwanamke amekaa juu kabisa, anaona kila kitu.

Siku moja alikuja akiikokota baiskeli. Pedeli zinazunguka, gurudumu limelala. Friwili imekufa.

Moyo wangu ulifurahi, Mungu anisamehe. Wakati wa shida tulingoja mtu afe ndipo tupate friwili ya baiskeli yake. Sasa mambo yalikuwa ruksa, na dukani zilijaa, zimefungwa karatasi zenye mafuta. Nilimpeleka mwenyewe. Tulizitoa moja moja, nikazipima kiganjani, nikazizungusha sikioni. Nyepesi yenye kung'aa niliirudisha. Iliyocheza ubavuni niliirudisha. Nikachagua nzito, nyeusi, isiyo na madoido. Nikaing'oa ile ya zamani kwa tindo na nyundo, nikaishindilia mpya grisi mpaka ikashiba, nikaifunga. Nilipolisukuma gurudumu lilizunguka kimya kabisa, na mimi nilijiona fundi wa kweli.

Kondo alirudi siku ya pili yake. Hakuteremka. Alisimama ameshika usukani, shati lina doa la udongo kifuani.

"Fundi, itie kelele."

"Nini?"

"Ile kelele ya zamani. Irudishe."

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia mimi si mchezo wa watoto, na kazi yangu siiharibu kwa mkono wangu. Kondo aliteremka. Akakaa kwenye benchi, akanieleza, kwa sharti nisimwambie mtu.

Alikuwa ameteremka lile bonde kama mtu anayeelea. Hakuna sauti, upepo tu na mpunga. Alifika konani, hakuitwa. Alifika hadi karibu na dungu, jua la saa nne, hakuitwa. Akadhani ni mzaha, akasimama wazi akitabasamu, hatua kumi tu kutoka kwa mkewe. Mwanawetu alikuwa amemwelekea uso kwa uso. Akazungusha kombeo, akamtandika donge kifuani.

"Nani hapo? Kama mtu, sema!"

"Mimi, mama Rukaya."

Kombeo likamponyoka mkononi. "Baiskeli yako iko wapi?"

"Nimeishika."

Alishuka ngazi, akaipapasa: tandiko, boksi la sabuni, gurudumu. Akakaa chini palepale.

"Tangu mwaka jana," alimwambia. "Ulianza ukungu. Nikasema utaondoka. Haukuondoka."

Ndege aliwafukuza kwa kuwasikia wanapotua. Ujio wa mumewe aliujua kwa ile "tap". Kondo alimwambia waende hospitali, watu hutolewa mtoto wa jicho wakaona. Akakubali, lakini baada ya mavuno. "Watu wa barabarani usiwaambie kwanza. Wakijua watanipandisha huko juu Kibiti, wanikalishe kibarazani, wanilishe uji. Niache nivune shamba la mama."

Kondo aliponyamaza, nilikuwa nimeshaliinua gurudumu. Niliona aibu. Miaka yote ile niliichukia ile sauti, na kumbe kuna mtu alikuwa akiisubiri wiki nzima.

Niliifungua friwili, nikaiosha kwa mafuta ya taa ndani ya kopo mpaka grisi yote ikaisha, nikadondosha tone moja la mafuta ya cherehani. Nikazungusha. Kondo alifumba macho. Krr, krr, krr.

"Siyo hii," alisema. "Hii hataijua."

Basi nikatafuta kwenye takataka zangu ile ya zamani, nikatoa kimeno kilicholika, nikakipachika ndani ya mpya. Nilimwonya kwamba sasa kimebaki kimoja cha kushika, asibebe chumvi nyingi, na atarudi kwangu mapema. Tangu nishike spana sikuwahi kuharibu kitu makusudi, na hicho nilikiharibu kwa uangalifu kuliko vyote nilivyotengeneza.

Krr, krr, tap.

Kondo alifumbua macho, akanishika mkono, akaondoka.

Alhamisi iliyofuata sikusinzia. Alasiri nikaisikia inakuja tangu mbali, nikasimama barabarani.

"Amekuita?"

"Nipo konani bado. Baba Rukaya, shuka polepole, pana tope!"

"Tope lilikuwepo?"

Kondo alifuta jasho. "Njia imekauka wiki mbili sasa, Fundi. Vumbi tupu."

"Ukafanyaje?"

"Nilishuka polepole."