Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Mimi ni mtu wa kusimamisha safari. Nikiona kibao kimeandikwa "Makumbusho" kwa rangi iliyobaki ya kupaka nyumba, nitashuka, hata mvua ikiwa inanyesha. Sirari, mpakani, nimepigwa picha nimetanua miguu, mmoja Tanzania, mwingine Kenya waliko shangazi zangu. Karibu na Kerende nimekaa ndani ya tairi la lori la mgodini, refu kunipita, ambalo mwenye baa amelipaka rangi za bendera na kulitia benchi. Busawe kuna bwana mmoja ana chumba kimejaa redio mbovu, na alinitambulisha kwa kila moja kama vile ni watoto wake.

Watu husema napenda vitu vya kale. Nawaacha waseme. Nilikuwa natafuta kibuyu cha mama.

Mama alipofariki nilikaa nyumbani siku chache, kisha nikarudi kazini Mwanza. Huku nyuma akapita mzee akiomba vitu vya zamani kwa ajili ya makumbusho yake. Kaka yangu, ambaye maziwa ya kwake siku hizi yanakaa kwenye dumu la plastiki, akampa kibuyu. Nilipomuuliza mzee huyo ni wa wapi, alijibu kwamba ni wa huko chini, Serengeti. Wilaya nzima, na kwake hayo yalikuwa maelekezo. Nilimnunia miezi miwili. Baada ya hapo nikaanza kutafuta, kila likizo, na kila niliposhuka kwenye gari nilijiambia leo nitakiona, halafu nikajikuta naangalia redio.

Mwaka jana nikafika Natta. Makumbusho yenyewe ni chumba kimoja ubavuni mwa nyumba ya mzee aliyewahi kuwa mpishi kwenye kambi za watalii. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanitembeza taratibu. Kulikuwa na fuvu la nyati, taipureta isiyo na herufi A, na kiatu kimoja cha mgeni aliyemkimbia nyani. Nilicheka kwa adabu. Ndipo nikaona rafuni uzi wa bluu.

Kibuyu cha mama kilikuwa na ufa begani, naye aliushona mwenyewe kwa uzi wa nyavu, mishono mikubwa iliyokwenda upande, maana mama alijua kulima, kukamua na kuimba kwaya, lakini sindano ilimshinda. Mishono ile ningeijua hata gizani kwa vidole. Kibuyu kilikuwa kimepakwa vanishi kiking'ara kama meza ya ofisini, na chini yake karatasi imeandikwa: KIBUYU CHA POMBE. WAKURYA. Mama yangu, aliyewahi kumkatalia mjomba wake asiingie kwake kwa sababu ya harufu ya chupa moja.

Nilimwambia mzee kibuyu hiki ni cha maziwa, na ni cha mama. Aliangalia ule uzi, akaniangalia mimi, wala hakubisha. Alikitoa rafuni akanipa. Nilikipakata, nikatoa kifuniko, nikaingiza pua.

Niseme nilichokuwa natafuta. Kwetu kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa sabuni. Unachukua kijiti cha mzeituni wa porini, unakichoma mpaka ncha iwe kaa, unakisugulia ndani, unafunika ili moshi ushike, halafu unakung'uta. Mama alifanya hivyo kila siku maisha yake yote, na kibuyu chenyewe alikipokea kwa mama yake, aliyekuwa akifanya vilevile. Harufu ile ilikuwa mikononi mwa mama, kwenye kanga yake, kwenye uji wangu. Nilitaka kuinusa tu, mara moja. Nimeitamani mpaka nimewahi kulia mbele ya jiko la mkaa la jirani.

Kibuyu kilinukia sabuni ya unga.

Harufu hiyo nayo niliijua. Nikiwa kidato cha pili nilirudi likizo na usafi wangu wa bweni, nikaona kibuyu kina weusi ndani, nikakisugua kwa sabuni mpaka maji yakatoka meupe. Nilikianika juani nikijisifu. Mama alipotoka kukamua alikinusa, akakaa chini, ndoo ya maziwa mkononi. Hakunigombeza. Alisema, "Umemuosha bibi yako." Ilimchukua wiki nzima ya moshi, asubuhi na jioni, kumrudisha.

Mzee wa Natta alikuwa ananieleza kwamba wageni walilalamikia harufu, wakaziba pua, naye akaona aibu, kwa hiyo alikiosha. Nilitaka kumkasirikia. Hasira ikanikwama.

"Mzee," nilisema, "umemuosha mama."

Kwao ni wafugaji, alielewa kabla sijaeleza. Alitoka, akarudi na mke wake ameshika kijiti kinawaka moshi, na mkewe akakisugulia ndani ya kibuyu kama inavyotakiwa, kwa mikono iliyozoea, akakifunika na kunipa. Tulisubiri. Nilipofungua, kilinukia mgunga wa tambarare, si mzeituni, moshi mzuri wa nyumba ya watu wengine. Nilimshukuru nikamwambia kinanukia vizuri sana. Mzee akakifunga kwenye gunia, akasema nikirudishe kwetu, yeye ataweka fuvu jingine pale.

Kesho yake nilifika nyumbani na gunia langu. Kaka aliniangalia, nikapita moja kwa moja nyuma ya zizi kwenye mzeituni wa mama. Nilinyoosha mkono nivunje kijiti, mkono ukaishia hewani. Matawi ya chini hayakuwepo, vilibaki visiki vifupi vya panga, vya zamani na vingine vya miaka ya karibuni, kuanzia magotini mpaka pale mkono wangu ulipoishia. Mama alikuwa amekata kila alichokifikia. Na mimi nina kimo cha mama.

Kaka alikuja akasimama nyuma yangu, akaona. Aliinama akaviringisha jiwe mpaka shinani, nami nikapanda.