Dalva na Wasusi wa Yeoville

Dalva Nogueira alizaliwa Belém, kaskazini mwa Brazili, mtoto wa mshonaji. Ujana wake alichana tiketi mlangoni mwa sinema ya mtaani kwao, na baadaye akawa mhariri wa filamu. Mwaka 2015, akiwa na miaka arobaini na mmoja, kampuni moja ya matangazo ya Johannesburg ikamwajiri. Baada ya miezi minane kampuni ikafungwa. Wenzake walimshauri arudi kwao, lakini hakutaka. Kwao alikuwa amehariri filamu za wengine miaka kumi na mitano, na hakuna hata moja iliyokuwa yake.

Akapanga chumba Yeoville, mtaa wa mjini humo, juu ya saluni ya Masika, mama wa Kikongo kutoka Butembo, akawa anarekodi harusi. Kiswahili alijifunzia kwenye kiti cha saluni. Siku moja alitaka kusema amechoka, akasema, "Nimechomwa." Masika alitupa chanuo, akaanza kumkagua mikono. Saluni nzima ilicheka mpaka machozi.

Dalva aligundua kwamba wanawake wakiwa wanasukwa husema mambo ambayo nyumbani hawayagusi. Mwaka 2017 akawaomba ruhusa ya kutengeneza filamu juu yao, akarekodi karibu mwaka mzima. Aliyemgusa kuliko wote ni Jeannine, msusi mwembamba aliyesimulia jinsi alivyomtoroka mumewe Lubumbashi, binti yake mgongoni.

Wiki tatu kabla filamu haijaonyeshwa, Jeannine alipanda ngazi, akabisha hodi.

"Mama Dalva, unitoe mule. Bwana yangu ameonekana Jeppestown, hapa hapa mjini. Ananitafuta."

"Nikificha sura yako?"

"Sauti yangu anaijua."

Dalva aligeukia kompyuta yake. Bila Jeannine, filamu ingebaki mifupa mitupu. Alitamani kumsihi, na maneno yalikuwa yameshamfika mdomoni. Lakini mwenzake alikuwa bado amesimama mlangoni, hajavua hata koti. Dalva akavuta kiti.

"Kaa hapa. Tufute pamoja, uone kwa macho yako."

Walifuta dakika kumi na tisa. Jeannine alipoondoka, Dalva alijilaza kitandani na viatu vyake, akalia.

Asubuhi Masika alipoelezwa, alishika kiuno.

"Eish! Sasa hayo yatasemwa na nani?" Akafikiri kidogo, halafu akaligeuza bango la mlangoni upande wa 'Tumefunga'. "Lete kamera yako."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, akasimulia jinsi alivyomzika mumewe njiani, Zambia, mahali ambapo hata jina lake hakulijua. Miaka kumi na mmoja alikuwa hajamwambia mtu. Wasusi wawili walimsikiliza, na alipomaliza, mmoja wao akasema, "Na mimi nina langu."

Filamu ilionyeshwa Machi 2019 katika ukumbi wa kanisa. Watu walikosa viti. Jina la Dalva lilipotokea kwenye ukuta, Masika alipiga vigelegele, ukumbi mzima ukamwitikia.

Jeannine hakuwepo, kwa sababu alikuwa amehamia mji mwingine na binti yake. Dalva alimtumia filamu kwa simu. Siku ya pili Jeannine akapiga.

"Nimewaona wote. Mtoto ameniomba tuangalie tena." Sauti yake ilikuwa nyepesi. "Mama Dalva, nyingine unaanza lini?"

"Nimeshaanza," Dalva akajibu. "Niko mtaani Diepsloot, narekodi dukani kwa mama mmoja wa Tanga. Ngoja, ananiita."